Hadhana ni Haki ya Nani?

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wa fikihi wameyajadili kwa karne nyingi, na ambayo mtu wa kawaida huyapita bila kuyaangalia kwa kudhani kuwa ni mabishano ya wasomi, limo suala moja ambalo jibu lake huingia katika kila nyumba iliyovunjwa na talaka: hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo asiyeweza kujitazama mwenyewe, ni haki ya nani? Wako waliosema kuwa ni haki ya mlezi, na kwa hiyo akitaka huishika na akitaka huiacha, kama mtu awezavyo kusamehe deni alilomkopesha mwenzake. Wako waliosema kuwa ni haki ya mtoto anayelelewa, na kwa hiyo mlezi hana idhini ya kuitupa, bali akikataa kulea ilhali hapana mwingine wa kushika mahali pake, kadhi humlazimisha. Na wako walioshika njia ya kati, wakasema kuwa haki hizo ni mbili na hukaa pamoja, lakini zikigongana ile ya mtoto hutangulia. Nia yangu ni kutetea kwamba, wazazi wawili wanapoachana, mwenye haki wa kwanza ni mtoto. Na kwamba mtu akilikubali jambo hili kwa moyo wake wote, na si kwa ulimi tu, hataweza tena kuyajibu kama alivyozoea maswali matatu ya kila siku: mtoto akae na nani, amwone nani, na nani amlishe.

Maswali hayo husikika mbele ya makadhi wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, mbele ya mahakimu wa Tanzania Bara, katika mabaraza ya usuluhishi wa ndoa na kwenye meza za maofisa wa ustawi wa jamii. Sura za watu hubadilika, lakini maneno yao ni yale yale. Mama husema: "Hatoi hata thumni, basi mtoto hatamwona." Baba naye husema: "Mwanangu simwoni, basi sitoi kitu." Kila mmoja humwona mwenzake kuwa ni dhalimu, na pengine kila mmoja ana ushahidi wa dhuluma aliyotendewa, lakini ukiyapima maneno yao utaona kwamba wote wawili wanasimama juu ya msingi mmoja, nao ni kuwa mtoto ni kitu kilicho baina yao, na kwamba asiyelipa hapewi. Ikiwa ulezi ni haki ya mzazi, basi hoja zao ni sahihi, na kazi ya hakimu ni kusimamia mapatano ya wafanyabiashara wawili waliokosana. Lakini ikiwa ulezi ni haki ya mtoto, basi wote wawili wanagawana mali ya mtu wa tatu ambaye yumo chumba cha pili, amelala.

Mila zetu nazo zilikuwa na jibu. Amri ya Kutangaza Sheria za Mila ya mwaka 1963, iliyokusanya mila za makabila ya Tanganyika yanayohesabu ukoo kwa baba, ilimweka mtoto wa ndoa katika milki ya ukoo wa baba yake. Na makabila yanayohesabu ukoo kwa mama, kama Waluguru na Wamakonde, yalimweka kwa mama na wajomba zake. Sisemi kuwa mila hizo zilikuwa na ukatili, maana ukoo uliomdai mtoto ulimpa pia jina, shamba, na watu wa kumwuguza na kumzika, na mtoto aliyezaliwa ndani yake hakuwa na hofu ya kukosa pa kwenda. Lakini mila hizi mbili, ambazo kwa mtazamo wa juu zinapingana, kwa ndani zinakubaliana: kila moja huuliza mtoto ni wa nani, wala haiulizi mtoto mwenyewe anacho nini. Siku ukoo unapopungua nguvu, vijana wakahamia Dar es Salaam na Mombasa wakaoana na watu wa mbali, kumiliki hubaki na ile hifadhi hutoweka. Akabaki baba mmoja anayedai, na mama mmoja anayezuia.

Mtu aweza kunikabili kwa kusema kwamba dini yenyewe imemtaja mama kuwa mwenye haki. Imepokewa na Abu Daudi kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume, rehema na amani ya Mungu zimshukie, akamlalamikia mume aliyemwacha na kutaka kumpokonya mwanawe, naye akahukumiwa kuwa ndiye mstahiki zaidi wa mtoto yule maadamu hajaolewa. Hapana shaka kwamba hukumu hiyo yampa mama cheo cha mbele, na Waislamu wa pwani hii, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, wamemtanguliza mama, na baada yake nyanya mzaa mama, kabla ya baba. Lakini na itazamwe hoja aliyoileta mwanamke yule. Hakutaja huzuni yake, wala upweke wake, wala heshima yake mbele ya majirani. Alitaja tumbo lililombeba mtoto, ziwa lililomnywesha na mapaja yaliyompa hifadhi, yaani mambo matatu ambayo yote ni manufaa yaliyomfikia mtoto kutoka kwake. Alidai kwa jina la huduma, na kwa huduma akapewa. Kutangulia kwake, basi, ni kutangulia katika safu ya watumishi, na safu hiyo imepangwa kwa kuangalia nani aweza kumtumikia mtoto kwa upole zaidi.

Hata ule mpaka wa kuolewa, ambao wanawake wengi wameuogopa hata wakakataa wachumba wema, waume wengine wakautumia kuwa fimbo, haufahamiki vema ila kwa njia hii. Wanazuoni walihofu kuwa mtoto akiingia chini ya dari ya mwanamume asiye na damu naye, mama atashughulika na mume na mtoto atanyimwa upole. Ndiyo sababu Mashafi wakasema kuwa mama akiolewa na mtu ambaye naye ana fungu katika ulezi wa mtoto yule, kama ami yake, haki yake haianguki. Na mfano uliotangulia wa jambo hilo ni mkubwa. Katika mwaka wa 7 wa Hijra, sawa na mwaka 629, Mtume alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, binti wa Hamza, ambaye baba yake aliuawa katika vita vya Uhud, alimfuata akimwita kwa jina la ami, na Ali akamshika mkono. Wakamgombea watu watatu: Ali, kwa kuwa ni binti wa ami yake na yeye ndiye aliyempokea, Jaafar, kwa kuwa naye ni binti wa ami yake na mkewe ni ndugu wa mama wa mtoto, na Zaidi bin Haritha, kwa kuwa alikuwa ameunganishwa udugu na Hamza. Mtume akamhukumia yule ndugu wa mama, ambaye alikuwa mke wa mtu, akampa cheo cha mama. Kisha akamgeukia kila mmoja wa wale wanaume watatu akamwambia neno la kumtukuza. Katika kisa hiki mna elimu nyingi, lakini moja inatosha hapa: watatu wale waliligombea jukumu wakaitwa wema wote, na hukumu haikutazama nani ana hoja nzuri zaidi ya nasaba, bali ni mapaja ya nani yatamfaa yule msichana. Waliokosa hawakuondoka kama walioshindwa, maana hapana kitu chao kilichochukuliwa.

Tena mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, ambao aghalabu hukadiriwa kuwa miaka saba, Mashafi humkhiyarisha baina ya baba na mama, na akichagua mmoja kisha akageuza nia, huhamishwa kwa yule mwingine. Mali haiulizwi yataka kukaa kwa nani. Kule kuulizwa tu, hata kama jibu la mtoto ni la kitoto, ni dalili kwamba mwenye shauri ni yeye. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimekuwa rejeo la makadhi wa pwani yetu, ameeleza yatakayofuata kwa utulivu wa mtu aliyeziona nyumba nyingi: mtoto wa kiume akimchagua mama, hulala kwa mama usiku na hushinda kwa baba mchana, ili baba amtie adabu na ampeleke chuoni na kwenye kazi ya mikono, akimchagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuia asimzuru mama yake, na mtoto akiugua, mama ndiye mstahiki zaidi wa kumwuguza. Zaidi ya karne saba kabla ya maofisa wa ustawi kuandika ratiba za Jumamosi na Jumapili, mwanachuoni alikwisha kujua kwamba kuachana kwa wazazi si kuachana na mtoto.

Na tuje kwenye mtihani mgumu, nao ni khului. Mwanamke aliyechoshwa na ndoa huja kwa kadhi tayari kutoa chochote ili avuliwe, na mume ambaye hakutaka kumwacha, au ametaka lakini kwa faida, humwambia: "Niachie mtoto, nami nitakupa talaka yako," au: "Nakuacha, lakini usinidai masurufu ya mtoto maisha." Mara nyingi wazee wa pande mbili hulipokea sharti hilo kwa furaha kuwa shari imekwisha, likaandikwa na kutiwa sahihi. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliliangalia sharti la namna hii wakasema kuwa khului hupita na sharti la kuacha hadhana huanguka, kwa sababu mwanamke ametoa kisichokuwa chake. Mahari ni yake, na akiirudisha amerudisha mali yake. Lakini mapaja ya mama ni riziki ya mtoto. Hali kadhalika, hata kama mama ameahidi kumlisha mtoto kwa mkono wake mwenyewe ili aachwe, siku atakaposhindwa baba hulazimishwa kwanza kumlisha mtoto, na daraka la ahadi iliyovunjwa litatazamwa baadaye baina ya wakubwa. Naona hukumu hii kuwa ni kilele cha insafu, maana inamwokoa mtoto kutoka katika mkataba ulioandikwa bila ya yeye kuwapo, na pia inamwokoa mama na ile saa ya unyonge ambayo kwayo angeuza kitu ambacho angekililia umri wake wote.

Kwa kipimo hicho hicho ndivyo yatakiwavyo kupimwa yale maneno mawili ya mama na baba. Kuonana na mzazi wa pili ni haki ya mtoto, na kula ni haki ya mtoto; na mtu mwenye haki mbili hafungiwi moja kwa sababu ameibiwa ya pili. Mama amzuiaye mtoto asimwone baba kwa kuwa baba hatoi masurufu, amemwongezea njaa ya pili mtoto mwenye njaa. Na baba azuiaye masurufu kwa kuwa mtoto hamwoni, hamtesi mtalaka wake kama anavyodhani, bali anapunguza unga katika chungu cha mwanawe. Kurani, katika aya ya 233 ya sura ya Bakara, baada ya kutaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha na wajibu wa baba kutoa chakula na mavazi kwa wema, inakataza mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake wala baba asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake. Wametajwa wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa Mwenye kuwaumba alijua kwamba wawili waliokosana watatafuta silaha, na silaha iliyo karibu zaidi ni mtoto. Lakini lazima niseme pia kwamba haki ya kuonana haigeuki kuwa kifungo: ambapo mzazi ana mkono wa kupiga au tabia ya kuharibu, ile haki ya mtoto ndiyo inayomzuia, na kadhi au hakimu ana wajibu wa kuamuru waonane mbele ya mtu mwaminifu, au wasionane kabisa mpaka usalama upatikane.

Ama masurufu, wajibu wake ni wa baba kwanza, na baba akiwa hawezi au hayupo, fikihi ya Shafi humgeukia babu mzaa baba kabla ya kumgeukia mama. Na kiasi chake hupimwa kwa wasaa wa mtoaji, kama sura ya Talaka inavyofundisha kuwa mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake na mwenye dhiki atoe katika alichopewa. Hind, mke wa Abu Sufyan, alipolalamika kuwa mumewe ni bahili, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake, bila yeye kujua, kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Na katika ruhusa hiyo, ambayo katika mambo mengine ingeitwa wizi, tunaona jinsi fungu la mtoto lilivyokwisha kuwa ndani ya mfuko wa baba kabla baba hajaridhia kulitoa. Lakini mama na ajue jambo moja ambalo wengi hulijua wamechelewa: masurufu ya mtoto yaliyopita, tofauti na yale ya mke, hayawi deni kwa Mashafi ila yakiwa yamekadiriwa na kadhi. Anayevumilia mwaka mzima kwa staha, akitaraji baba ataona haya, aweza kukuta kwamba mwaka ule umepotea. Kwenda kwa kadhi mapema hakumvunjii mtu adabu. Mama ni wakili wa asiyeweza kwenda.

Sheria za serikali zimeifuata njia hiyo hiyo kwa hatua. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, iliyokusudiwa kwa watu wa dini zote na wa mila zote, iliamuru kwamba ustawi wa mtoto uwe jambo la kwanza kabisa katika kuamua ulezi, ikaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hufaa kukaa na mama yake, dhana ambayo yaweza kukanushwa kwa ushahidi, na ikaonya juu ya ubaya wa kumhamisha mtoto huku na huku. Ilikuwa hatua kubwa, miaka minane tu baada ya mila kuandikwa. Lakini ilizungumza na wazazi, ikimweleza kila mmoja atakachopewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iligeuza uso ikazungumza kwa niaba ya mtoto: wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya kutengana kwao, ana haki ya kuishi na yule ambaye mahakama inaona aweza kumlea, na ana haki ya kumzuru mzazi wa pili na kukaa naye kila atakapo, maadamu masomo yake hayaharibiki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, nayo ikaandika kwamba malezi ni haki ya mtoto, na kwamba baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Yuko atakayesema kwamba haya yote ni hatari, kwa kuwa mtoto hawezi kusema, na yeyote aweza kuyavika matakwa yake nguo ya maslahi ya mtoto. Baba tajiri atasema maslahi ni nyumba ya ghorofa na shule ya kulipia. Mama atasema maslahi ni yeye. Na hakimu mwenye mwelekeo wake atauita mwelekeo huo maslahi. Pingamizi hili ni la haki, na kwa sababu hiyo fikihi na sheria hazikuliacha neno hilo peke yake bali ziliweka alama za kulifuata: umri wa mtoto, kauli yake akiweza kuitoa, kutotenganishwa na ndugu zake, na kuendelea kwa maisha aliyoyazoea. Tena hoja ya utajiri huanguka yenyewe mtu akishika kwamba masurufu ni haki ya mtoto. Maana kilicho cha mtoto humfuata anakokaa, na baba mwenye mali ambaye mwanawe analala kwa mama maskini ana wajibu wa kuipeleka ile mali kule anakolala mtoto. Umaskini wa mama ni sababu ya kumwongezea baba mzigo, wala si sababu ya kumpunguzia mama mtoto.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kwa sisi tuliolelewa katika desturi ya kuomba radhi za wazazi. Amri ya mahakama ya matunzo aghalabu hukoma mtoto atimizapo miaka 18, na faili hufungwa. Lakini dini inatufundisha kuwa haki ni namna mbili, ya Mungu na ya waja, na kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake mpaka mwenyewe asamehe. Ikiwa hadhana, kuonana na masurufu vingekuwa haki za mzazi, basi baba na mama wangeweza kusameheana wao kwa wao, na hesabu ikaisha. Lakini maadamu ni haki za mtoto, msamaha wa mtalaka haumtoshelezi aliyenyima, wala suluhu ya wazee haimtakasi, wala sahihi yake katika karatasi ya khului haimlindi. Itampasa, mwana akiwa mtu mzima, amwendee yeye mwenyewe na kumwomba radhi kwa miaka ambayo alimnyima chakula au alimnyima uso wa mama yake au wa baba yake. Mwana mwema atasamehe, kwa kuwa naye ameamrishwa kuwatendea wema wazazi wawili hata waliomkosea. Lakini atakuwa anasamehe kilicho chake. Na mzazi ambaye leo yu katika baraza la usuluhishi, kalamu mkononi, mbele ya sharti lililoandikwa kwa hasira, bado ana nafasi ya kulifuta kabla hajawa mdaiwa wa mtoto wake.